Nazi ya Leo Imekunwa na Nani

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, kuna swali moja ambalo hamtalikuta kwenye vitabu vyenu. Mama mjamzito aliyeshonwa mlango wa kizazi akirudi kliniki, msimuulize kama amepumzika. Atasema ndiyo. Wote husema ndiyo, na wengi husema kweli kwa kadiri wanavyojua. Muulizeni hivi: nazi ya leo imekunwa na nani?

Chekeni tu. Najua siku hizi mnakuniwa nazi kwa mashine pale sokoni, mnaondoka nayo tayari. Basi ondoeni nazi, wekeni kitu kingine cha nyumbani kwenu; swali litabaki lile lile. Ngoja niwaeleze lilikotoka, kisha mtaamua wenyewe kama linawafaa.

Mimi naitwa Kabula. Kwetu Tabora, lakini nilipostaafu sikurudi. Nimejenga Yombo, kibanda cha vyumba viwili na baraza linalopata jua la asubuhi. Nilifanya kazi wodi ya wajawazito katika hospitali moja upande wa Temeke tangu enzi zile watu walipoanza kusema "ruksa", maduka yakajaa vitu ghafla na mitumba ikamwagwa chini kila kona, mpaka simu za mkononi zilipoanza kulia wodini na kutushtulia watoto. Nilipoanza tulikuwa tunachemsha glovu, tunazianika kwenye kamba kama soksi za wanafunzi, tunazipaka poda na kuzivaa tena. Sisemi zilikuwa siku nzuri kuliko zenu. Nasema mikono yetu ilikuwa na poda daima, na hadi leo nikisikia harufu ya poda nanyooka mgongo.

Kushona mlango wa kizazi mmeshafundishwa, lakini acheni niwaambie kwa maneno ya uani. Mlango ule hufungwa kimya mpaka miezi itimie. Kwa wanawake wengine hulegea mapema, bila uchungu wa kueleweka, na mtoto mzima asiye na kasoro anatoka kabla hajaweza kuvuta pumzi. Daktari hupitisha uzi kuuzunguka mlango na kuukaza. Ni kazi fupi. Mama anaweza kuingia chumba cha upasuaji chai yako ikiwa ya moto, akatoka bado hujaimaliza. Kinachobaki ni miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo daktari hayupo. Kuna nyumba, uani, mkwe, majirani na sufuria.

Mama Eliwaza, sista mkuu wa wodi yetu, Mpare mrefu aliyetembea kama anapima sakafu, alikuwa na ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "kapumzike". Madaktari walilisema, sie tuliliandika, wagonjwa waliliitikia.

"Mnampa mtu sahani tupu," alikuwa akituambia. "Sasa anakwenda kuijaza na chakula gani?"

Alikuwa na mfano wake alioupenda. Mama mmoja aliyeshonwa aliambiwa akapumzike, akaona mtaani kwao kuna kelele, akaenda kwa mama yake Chamazi. Chamazi ya siku hizo haikuwa hii ya uwanja wa mpira. Ilikuwa mihogo na mikorosho mpaka macho yachoke. Alirudi kliniki ana udongo kwenye kucha na uso unang'aa.

"Nimepumzika sana, sista," alisema. "Kule hakuna kelele. Asubuhi nalima kidogo, jua likiwaka narudi ndani."

Uzi wake ulishika, Mungu alimpenda. Mama Eliwaza alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba udhuru, akaenda kucheka nyuma ya pazia, kisha akarudi na uso wa kanisani. Baadaye ndipo akatuambia sie tuliokuwa vijana kwamba yule mama hakuwa mjinga hata kidogo. Kwake yeye mapumziko yalikuwa kimya, na kimya alikipata.

Sasa niwaambie habari za Mwanahawa.

Aliletwa na mumewe, Ramadhani, fundi cherehani wa Tandika. Alikuwa mwanamke wa Kizaramo mwembamba, ana macho ya mtu anayesikiliza kitu ndani ya mwili wake mwenyewe. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka, zote mnamo mwezi wa tano, zote bila onyo. Hii ilikuwa ya nne. Hakutuambia anavyomtaka mtoto huyu. Aliweka tu mkono juu ya kanga, chini ya kitovu, na hakuuondoa hata alipokuwa anaandikishwa.

Tulipoeleza kwamba atashonwa, aliyeuliza maswali ni mumewe.

"Uzi gani, dokta?"

Dokta wetu wa akina mama, mwanamke mpole mwenye miwani, alimjibu bila haraka. "Mnene, usiooza mwilini. Utakaa mpaka mwezi wa tisa, halafu tunautoa."

"Unapita mara moja, au mnarudia kama ukosi wa shati?"

"Unazunguka. Kama kamba ya suruali ya kulalia."

Ramadhani akafikiri. Vidole vyake vilikuwa vinapinda pindo la kanga ya mkewe bila yeye kujua. "Basi uzi hauna tabu," alisema. "Kazini kwetu, nguo ikivutwa, uzi unabaki. Kinachochanika ni kitambaa."

Dokta akavua miwani, akamtazama vizuri. "Hapo umenisaidia kueleza. Mkeo akishatoka hapa, kazi ya nyumba nzima ni kuhakikisha kitambaa hakivutwi."

Alishonwa, akalazwa siku chache. Wakati ule tuliamini sana kitanda chenye mteremko. Tuliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo, mama analala kichwa kikiwa chini, tukidhani tunamsaidia mtoto kurudi juu. Mwanahawa, ambaye tulidhani hajui mzaha, asubuhi ya pili aliniita.

"Sista, damu yote imekuja kichwani. Huyu mtoto nitamzaa kwa sikio."

Wodi nzima ilicheka, na yeye akashika tumbo asicheke sana, maana alishaanza kulilinda hata dhidi ya furaha.

Alipotoka, dokta alimweleza yeye na mumewe pamoja. Asibebe ndoo. Asifue, asiiname kufagia. Na kitanda kiwe cha mtu mmoja mpaka atakapoambiwa vingine. Kwa hilo la mwisho Ramadhani alitazama dirishani kwa makini, kama kuna mtu anamwita. Damu, maji kuvuja, homa au maumivu ya chini, waje palepale bila kungoja kesho.

"Sitagusa ndoo wala ufagio," alisema Mwanahawa, na nawaambieni, hakugusa.

Alirudi kabla ya tarehe yake ya kliniki. Tumbo la chini linavuta, na matone ya damu kwenye kanga. Dokta alimpima, akatoka kimya akatuambia uzi bado uko mahali pake, lakini mlango umeanza kuvutika pembeni mwa mshono. Tukarudi kuuliza. Umebeba nini? Sijabeba. Umefua? Sijafua. Ramadhani aliapa kwamba mkewe hajainua hata kikombe kizito. Mama yake, alisema, yaani Bi Pili, anayekaa nao, ndiye anayechota maji, ndiye anayefua na kufagia, pamoja na magoti yake mabovu.

Dokta akamtazama Mama Eliwaza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na kwenye mambo ya uani dokta alimwachia yeye. Mama Eliwaza akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda kama aliyekuja kupiga soga.

"Jana mmekula nini kwenu?"

"Wali, na mchuzi wa samaki."

"Wa nazi?"

"Wa nazi, sista. Kwetu bila nazi hatujala."

"Na juzi?"

"Maharage. Ya nazi."

"Nazi anakuna nani?"

"Mie," alisema Mwanahawa. Halafu, kwa kuona nyuso zetu, akaongeza upesi, "Lakini si nimekaa, sista? Mama ananionea huruma. Kazi zote za kusimama kachukua yeye. Kaniachia za kukaa."

Nyie mliokulia bara huenda hamjui. Mbuzi ya kukunia nazi ni kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Unakikalia chini kabisa, magoti yametengana, tumbo limekunjwa, na unasukuma kifuu kwa mikono na kiuno, unasukuma na kuvuta, mpaka nyama ya nazi iishe. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi mkao wa kusukuma mtoto, mkalishe pale. Lakini katika nyumba nyingi za pwani hakuna anayeiita kazi. Ni pale mtu anapokaa akipoa, anapoongea na wenzake. Bi Pili alichagua kazi zote ngumu akajitwisha, akampa mkwewe ile iliyofanana na kupumzika.

Mwanahawa alisoma jibu kwenye nyuso zetu. Mkono ukarudi chini ya kitovu.

"Atakaa?" aliuliza. Hakumaanisha uzi.

"Bado yupo," dokta alimwambia. "Tunaanzia hapo."

Akapumzishwa wodini mpaka damu ikakatika na tumbo likatulia. Siku ya kumruhusu, Mama Eliwaza aliniita pembeni.

"Kabula, si unapita Tandika ukienda kwako? Pita kwao. Usivae nyeupe."

Nilielewa. Kwao mimba haitangazwi ovyo, na ya mtu aliyepoteza tatu haitangazwi kabisa. Sista akiingia uani na sare yake, kabla hajatoka mtaa mzima utakuwa unahesabu vidole. Nikavaa gauni langu la maua nikaenda.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, wapangaji, uani jiko na bomba na choo mbali pembeni. Bi Pili alikuwa uani anapeta mchele, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Nani mwenzetu?"

"Kabula."

"Kabula wa wapi?"

"Tabora."

Ungo ukasimama hewani. "Ala. Mpagazi. Mzigo umeutua wapi?"

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu, na mtu ukishapewa mlango ule huachi kuingia. "Nimeutua kwako, Mzaramo," nikasema. "Nimesikia nyie kupumzika ndiyo kazi yenu, nimekuja kujifunza."

Wapangaji wawili waliokuwa wanafua wakainua vichwa na kucheka. Toka dakika ile hakuna aliyeuliza nimefuata nini pale. Mtani haulizwi.

Nilimwona Mwanahawa kwenye mlango wa chumba, amelala ubavu kitandani, akitutazama kwa wasiwasi. Na nikaiona mbuzi, imeegemea ukuta wa jiko, mbao yake imeng'aa kwa kukaliwa. Nikaiendea, nikaikung'uta chicha, nikaiweka kwapani.

"Unakwenda wapi na mbuzi yangu?"

"Nimeipenda. Naondoka nayo."

"We Mnyamwezi, na leo tunapikia nini?"

"Kuleni chukuchuku, mpungue."

"Utairudisha lini?"

"Utakuja kuikomboa kwa mtoto," nikasema.

Neno lilikuwa limeshatoka. Wale waliokuwa wanafua hawakulitilia maanani. Watani husema lolote. Lakini Bi Pili aliuweka ungo chini polepole, akaja mpaka karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Wewe ni wa hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Ni ile nazi?"

"Ni kule kukaa kwenyewe. Chini vile, na kiuno kinasukuma."

Akatazama mikono yake, imejaa vumbi la mchele. "Na mie nilidhani namhurumia."

"Ulimhurumia, mama. Kila mtu anajua ulimhurumia."

Kisha akainua sauti yake ile ya kujaza ukumbi, kwa ajili ya wapangaji. "Haya chukua, mwizi wa Tabora wewe. Na nikikuona tena hapa nakufungia ndani ya gunia nakurudisha kwenu na treni."

Nilirudi tena wiki ile ile.

Msidhani mambo yalinyooka. Siku za kwanza walikula chukuchuku na manung'uniko. Kisha Ramadhani akaazima mbuzi ya jirani, akaikalia mwenyewe mchana, cherehani yake imefunikwa kitambaa barazani. Kazi zilikuwa zimepungua. Watu walikuwa wananunua mitumba badala ya kushonesha, na yeye alibaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu wanene. Wenzake walipita wakamwona.

"Fundi, leo umekuwa mwali?"

"Leo nimekuwa mtu mwenye njaa," alijibu, na hakuinuka.

Bi Pili alimwondoa. "Toka hapo, tui lako lina vinyweleo." Akakuna yeye, kesho yake akakuna mpangaji mmoja kwa kupewa tui kidogo, kesho kutwa tena Ramadhani. Mimi nikiingia, badala ya hodi nikawa nauliza, "Nazi ya leo imekunwa na nani?" na yeyote aliyekuna alijibu kutoka alipo, "Mie!" kama mtoto anayeitwa darasani. Hapo ndipo swali lilipozaliwa, mimi nikalipeleka kliniki, na Mama Eliwaza akalitumia kwa kila mtu, hata kwa wake za mabwana wakubwa wa Msasani waliokuwa na wapishi.

Sasa shikeni na haya mengine, maana yalitokana na nyumba ile.

Shikamoo. Mwanahawa alilelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri haamkii mkubwa akiwa amelala. Kila mzee akiingia kumjulia hali, yeye anainuka, anashuka, anapiga goti. Siku moja nilihesabu nikachoka. Nilipomnong'oneza Bi Pili, alisimama ukumbini akatangaza kwamba mkwewe mgongo umemkaba, na kwamba katika nyumba hii, mpaka atakaposema yeye, shikamoo ya kulala inapokewa kama ya kusimama, na asiyeipokea asiingie. Hilo mimi nisingeweza kuliamuru kwa cheti chochote. Nyumba ina mwenyewe. Mtafuteni huyo, semeni naye.

Choo. Cha kwao kilikuwa cha kuchuchumaa. Ramadhani alimwendea seremala, wakakikata tundu kiti kibovu, wakakiweka juu ya shimo. Wapangaji wakakipenda wote, na ilibidi Bi Pili akilinde kama mlinzi wa benki. Papai, mboga za majani na maji mengi, mtu asijikamue. Mambo ya aibu kuyasema, lakini mkiona aibu nyie, atayasema nani?

Na upweke. Mtu akikaa bila la kufanya, kichwa kinatafuta kazi, na kazi kinayoipata ni hofu. Mwanahawa alianza kulia mchana bila sababu. Ramadhani akamwekea mito mgongoni, akampa suruali apinde pindo kwa mkono, na redio ya taarabu dirishani. Pindo zake zilikuwa ndogo ndogo kama punje za ulezi. Wateja wakaanza kuuliza nani kazishona.

Ile habari ya matofali chini ya kitanda, msiifuate. Siku hizi madaktari wanasema kulala tu miezi yote hakusaidii kama tulivyoamini, kunaweza hata kugandisha damu miguuni, na wengi huruhusiwa kutembea na kufanya shughuli nyepesi. Msikilizeni daktari wa mama husika, maana kila mmoja na hali yake. Lakini hata neno "nyepesi" nalo ni sahani tupu. Lijazeni.

Nirudi kwenye mvua.

Ilikuwa masika, mimba imefika mwezi wa saba, mwezi ambao Mwanahawa hakuwahi kuufikia. Nilikuwa nimepita kumjulia hali mchana, wingu likafunga, na kabla sijaaga maji yalishaingia uani. Mnazijua mvua za Tandika. Hazibishi hodi. Yalipanda kizingiti, yakaingia ukumbini, kisha chumbani. Ndala zikaelea, sufuria ikageuka ikaanza safari. Ramadhani alikuwa nje anaokoa cherehani. Bi Pili alifunga kanga kiunoni, akachukua beseni, akaanza kuchota na kumwaga, anainama na kuinuka kwa magoti yale. Mimi nikashika ndoo.

Mwanahawa alikuwa kitandani juu yetu, mikono imeshika ubao. Alivumilia kidogo, kisha akateremsha mguu mmoja.

"Mama, niache nishuke. Siwezi kukutazama hivi."

"Rudisha mguu."

"Watu watanionaje? Mkwe amekaa, mama mtu anakumba maji."

"Rudisha mguu, Mwanahawa."

"Nitachota kwa kikombe tu, mama."

Bi Pili akasimama wima. Maji yalikuwa yanamfika kwenye vifundo vya miguu, na beseni linachuruzika mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Unamjua Ramadhani," alisema. "Kabla yake walikuwapo wengine. Walitoka kama hawa wako, miezi ile ile. Kila alipotoka mmoja, kesho yake nilikuwa kisimani na ndoo. Hakuna aliyeniambia kaa. Sikujua kama kuna kukaa. Sasa wewe umeambiwa, na mie nimejaliwa kuona. Usinidhulumu. Nataka kuona mtu amekaa."

Mwanahawa aliurudisha mguu. Alivuta kanga mpaka kifuani, akakaa katikati ya kitanda kama mtu aliye kwenye kisiwa, machozi yanamtoka bila sauti, na alikaa. Sijapata kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile. Sie tuliendelea kukumba maji. Baada ya muda Bi Pili akaanza kuimba, tena vibaya, na akaniuliza kama kwetu Tabora maji tunayaonaga kwenye picha tu.

Mtoto alikaa. Mwezi wa nane ukapita, wa tisa ukaingia. Dokta alimwita, akamlaza, akaukata ule uzi na kuutoa. Hakuna maumivu makubwa, aliguna tu mara moja. Ramadhani aliomba kuuona. Akauweka kiganjani, akauvuta huku na huku, akausogeza kwenye mwanga.

"Mzima," alisema.

Haikupita wiki, uchungu ukaja wenyewe, uchungu wa kawaida wenye makelele, na Mwanahawa aliupokea kwa furaha ambayo wakunga hatuioni mara nyingi. Kila ulipombana alisema, "Huu naujua, huu ni wa kuzaa." Akapata mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira. Bi Pili alipomwona alisema sauti ile si ya Kizaramo, lazima kuna Mnyamwezi amepita hapa.

Siku ya arobaini nilikwenda na mbuzi kwapani, mchana kweupe, na gauni langu la maua. Sasa hapakuwa na la kuficha. Uani kulikuwa na mikeka, wanawake wa mtaa wamejaa, ubani unanuka, masufuria makubwa yanangoja moto. Bi Pili aliniona tangu ukumbini.

"Mwizi karudi."

"Nimeleta mali yako. Fidia iko wapi?"

Alinikalisha mkekani, akanipakatisha mtoto kabla sijanyoosha miguu. "Hiyo hapo. Nipe changu."

"Fidia yenyewe ndogo hivi?"

"Itakua," alisema, akaichukua mbuzi yake, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaenda nayo jikoni.

Sikumtazama tena. Nilikuwa na yule mtoto. Alikuwa ameshika kidole changu, na kucha zake zilikuwa safi kama maganda ya kitunguu. Nilikuwa namweleza habari za Tabora, uongo mtupu, aliposinzia. Hapo ndipo nikasikia kutoka nyuma ya jiko mlio ule, meno ya chuma kwenye nazi, taratibu kwanza, kama mtu anajaribu, kisha ukashika mwendo wake. Miezi yote ile mlio huo ulikuwa unanisimamisha vinyweleo. Mwili wangu ukataka kuinuka wenyewe.

"Nazi ya leo inakunwa na nani?" niliita.

"Na mie, sista," alijibu Mwanahawa, na hakuacha kukuna.